UZI: Mfalme hupatikanaje? Kabla hamjamvisha mtu mwingine ngozi na kumwita msemaji wetu

Msimu umefika tena. Kila wikendi, mahali fulani, kuna mwanasiasa anavishwa ngozi, anapewa usinga na kigoda, anapigwa picha katikati ya wazee, halafu jioni tunaambiwa kwamba jamii nzima imesema. Wafuasi wake wanashangilia. Baada ya siku tatu wapinzani wake wanatafuta wazee wengine na ngozi nyingine, wanatawaza mtu wao. Kisha sisi hapa mtandaoni tunatukanana wiki nzima kuhusu wazee gani ni wa kweli na gani ni wa kukodi.

Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Mnanijua. Nataka tuongee juu ya kitu kilicho chini ya hizo kelele, yaani mamlaka ya kurithi. Nani anaweza kuwa mfalme? Nani anamweka? Na akishaketi, anaweza kutia sahihi kwa niaba ya nani? Hilo swali la mwisho ndilo lenye uchungu, kwa sababu katika nchi hii kuna watu walihamishwa kutoka kwa ardhi yao kutokana na jibu lake. Tutafika huko, msiwe na haraka.

Uzi ni mrefu. Weka chai kando.

Wengi wetu tunadhani ufalme ni jambo rahisi: mfalme akifa, kifungua mimba wake wa kiume anaketi, basi. Kuna mahali kanuni inasema hivyo kweli. Mfano unaotajwa sana Afrika ni watu wa Edo, kusini mwa Nigeria, wenye mji wa Benin City. (Si nchi ya Benin. Nchi ya Benin ni jirani yao, na jina hilo linachanganya watu kila siku.) Mfalme wao anaitwa Oba. Mrithi ni mwana wa kwanza wa kiume, anapewa cheo cha Edaiken, na kabla ya kutawazwa lazima amzike babake kwa taratibu zote. Mazishi ni sehemu ya kutawazwa. Ndiyo maana nani anazika linakuwa swali la siasa. Wakenya mnaosoma hapa, hilo mnalielewa bila kuelezwa, si ndiyo?

Kanuni safi kabisa. Na bado walipigana.

Mapokeo yao yanasimulia habari za Oba Ozolua, aliyepata wana wawili karibu wakati mmoja kwa wake tofauti. Mmoja alitangulia kuzaliwa lakini hakulia. Wa pili alizaliwa baadaye, akalia mara moja, na habari zake zikamfikia baba kwanza. Huyo wa pili ndiye aliyekuja kuwa Oba Esigie, na vita kati yake na nduguye Arhuaran vinasimuliwa mpaka leo. Mamake Esigie, Idia, alisimama na mwanawe mpaka akapewa cheo cha Iyoba, mama wa mfalme. Ile sura ya pembe ya ndovu iliyotumiwa kuwa nembo ya tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka wa 1977 inahusishwa na yeye.

Ona tatizo liko wapi. Kanuni inasema "mwana wa kwanza", lakini katika nyumba yenye wake wengi, wa kwanza ni nani: aliyezaliwa kwanza ama aliyetangazwa kwanza? Karne ya 19 mambo yakajirudia. Osemwende alipambana na nduguye Ogbebor, na baadaye Adolo akasumbuliwa kwa miaka na nduguye Ogbewekon. Kwa hivyo mtu akikuambia mila iko wazi na haina mjadala, muulize ni mila ya nani na inasimuliwa na upande gani.

Halafu mwaka wa 1897 Waingereza wakaingia Benin kwa jeshi, wakapora jumba la kifalme, wakampeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar. Kiti kilikaa kitupu miaka 17. Ovonramwen alifia huko mwaka wa 1914, na mwaka huohuo mwanawe akatawazwa kwa jina la Eweka II. Tangu hapo mwana amemfuata baba bila kukatika: Akenzua II mwaka wa 1933, Erediauwa mwaka wa 1979, Ewuare II mwezi wa Oktoba 2016.

Mnaweza kusema hayo ni mambo ya sherehe tu. La. Mwaka wa 2023 serikali ya Nigeria ilitangaza kwamba zile sanamu za shaba zilizoporwa, zikirudishwa kutoka Ulaya, mwenyewe ni Oba. Chuo Kikuu cha Cambridge, ambacho kilikuwa karibu kukabidhi vitu vyake, kikaahirisha. Kumbe anayekalia kiti anarithi na mali ambayo wengine wanadhani ni ya umma. Wekeni hilo akilini.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Vuka Busia, endelea mpaka Kampala.

Buganda kanuni ni kinyume. Mwana wa kwanza wa Kabaka anaitwa Kiweewa, na kwa mila HARITHI. Kazi yake ni kuwaangalia wana wa mfalme wenzake. Mfalme alichaguliwa kati ya hao wengine, na waliokuwa na sauti kubwa ni Katikkiro na wakuu wengine wa ufalme. Kuna na jambo lingine la akili sana: watu wote Buganda huchukua ukoo wa baba, lakini wana wa mfalme huchukua ukoo wa mama. Kwa hivyo hakuna ukoo mmoja unaoweza kusema ufalme ni wetu milele. Kila ukoo unaweza kumzaa Kabaka kama binti yao ameolewa ikulu. Fikirieni hiyo hesabu ya siasa: kila ukoo una sababu ya kuupenda ufalme, kwa sababu kesho unaweza kuwa zamu yake.

Mila hiyo ilivunjwa mwaka wa 1888. Kabaka Mwanga alipinduliwa mwezi wa Septemba na vikundi vya dini vilivyoungana dhidi yake, wakamweka Kiweewa, yule kifungua mimba asiyeruhusiwa. Hakumaliza hata miezi miwili. Akawekwa Kalema, kisha Mwanga akarudi. Mwaka wa 1897 Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, akaondolewa, na aliyetangazwa Kabaka ni mwanawe Daudi Chwa. Umri? Mwaka mmoja hivi. Mtoto wa kunyonya ana ufalme, na watu wazima wanatawala kwa jina lake.

Halafu ukaja Mkataba wa 1900. Huo ndio unaofaa kusomwa na kila mtu anayependa kusema "tufuate mila". Mkataba uliandika kwamba Kabaka atachaguliwa na Lukiiko kwa kura nyingi, kutoka kizazi cha Mutesa wa kwanza, na jina lipelekwe kwa serikali ya Uingereza likubaliwe. Yaani kitu kilichokuwa mashauriano ya wakuu kikawa kura, na juu ya kura akawekwa mkubwa wa ng'ambo mwenye kukubali au kukataa.

Mtindo huohuo tayari ulikuwa Zanzibar. Tangu 1890 kisiwa kilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na wao walishikilia kwamba hakuna sultani anayeketi bila kibali cha balozi wao. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Khalid bin Barghash, mwana wa sultani wa zamani, akaingia kasri bila kungoja kibali. Akaambiwa atoke kabla ya saa tatu asubuhi tarehe 27. Hakutoka. Mizinga ya manowari ikapigwa kwa dakika 38 hivi. Watu kama 500 upande wa Khalid waliuawa ama kujeruhiwa, na alasiri hiyohiyo Hamoud bin Mohammed akatangazwa sultani. Vitabu vinapenda kuviita vita vifupi kuliko vyote duniani, kama mzaha. Mimi sioni mzaha. Lilikuwa swali la urithi, na lilijibiwa kwa mizinga.

Kuna njia nyingine kabisa, na hii iko mtaani kwangu. Naishi Parklands. Ukipita Third Parklands Avenue utaona Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka wa 1958. Majirani zangu wengi ni Waismaili. Aga Khan si mfalme, ni imamu, na sitaki mtu aje kunisomea hapa. Nazungumzia namna ya kurithishana tu. Kwao imamu aliyepo ndiye anayemtaja atakayemfuata. Si lazima awe kifungua mimba. Hakuna kura, hakuna baraza la kuchagua.

Mwezi wa Julai 1957 Aga Khan wa tatu alifariki, na wosia wake ukawaruka wanawe, ukamtaja mjukuu wake Karim, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado mwanafunzi wa Harvard. Sababu iliyotolewa katika wosia ni kwamba dunia imebadilika na inahitaji kijana aliyelelewa katika zama mpya. Mwaka huohuo alisimikwa katika sherehe Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Alikaa katika nafasi hiyo miaka 67. Alipofariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025, wosia ulifunguliwa na kesho yake jina la mwanawe Rahim likatangazwa. Siku moja tu. Hakuna ngumi, hakuna kambi mbili, hakuna mahakama.

Je, hiyo ni bora? Inategemea unataka nini. Inaondoa fujo, lakini pia inaondoa sauti ya anayeongozwa. Jamii ambayo mtu hujiunga nayo kwa imani inaweza kukubali hivyo. Kaunti haiwezi.

Haya, Kenya yenyewe.

Jamii nyingi za Kenya hazikuwa na wafalme. Kulikuwa na mabaraza, marika, wazee wa mbari, wasemaji wa rika. Ukisikia mwanahistoria wa jukwaani anasema "wafalme wetu wa zamani" kuhusu jamii ambayo ilijiendesha kwa kiama ama kokwet, jua anashona kanzu mpya na kuiita ya babu.

Mahali ambapo ufalme ulikuwepo bila shaka ni Wanga, kule Mumias. Mfalme anaitwa Nabongo na anatoka ukoo wa Abashitsetse. Wafanyabiashara wa Pwani walipafahamu mapema. Walipaita Kwa Shiundu, kwa jina la Nabongo wa wakati huo. Shiundu alifariki mwaka wa 1882, mwanawe Mumia akaketi, na pakawa Kwa Mumia. Joseph Thomson alipita hapo mwaka wa 1883. Askofu Hannington naye alipita mwaka wa 1885, akaendelea mpaka Busoga, na huko akauawa kwa amri ya Mwanga, yuleyule wa Buganda niliyemtaja juu.

Mumia alikuwa mtu wa hesabu. Alikuwa na washindani wake ndani ya Wanga kwenyewe, akiwemo Sakwa wa Wanga Mukulu, ambaye hakukubali kuwa chini ya Elureko. Mgeni mwenye bunduki akija mlangoni, mtu mwenye washindani wa ukoo anamkaribisha chai. Mumia akawakaribisha Waingereza. Mumias ikawa kituo chao, na ilikaa makao makuu ya eneo hilo hadi 1920, yalipohamishiwa Kakamega.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mabishano yetu ya leo yalipozaliwa. Mwaka wa 1909 Waingereza walimtangaza Mumia chifu mkuu wa North Kavirondo yote. Si Wanga peke yake. Yote. Ndugu na watu wake wakatumwa kuwa machifu juu ya jamii ambazo hazikuwahi kumtii Nabongo, wakiwemo Wabukusu, ambao mwaka wa 1895 walikuwa wamepigwa Lumboka na Chetambe na jeshi la Waingereza likisaidiwa na wapiganaji kutoka Wanga. Murunga, nduguye Mumia kwa baba, alitawala hivyo miaka mingi. Malalamiko hayakwisha. Mumia alistaafishwa mwaka wa 1926, na katika miaka iliyofuata machifu wa Wanga wakaanza kuondolewa katika maeneo ya wengine. Alifariki mwaka wa 1949, akiwa Nabongo kwa miaka 67.

(Ndiyo, 67, sawa na Aga Khan. Nilihesabu mara mbili.)

Kwa hivyo mkisikia mtu anasema Nabongo ni mfalme wa Waluhya wote, na mwingine anajibu kwa hasira kwamba Nabongo ni wa Wanga tu, wote wawili wanaongea historia, ila kila mmoja ameishika sehemu yake. Ufalme wa Wanga ni wa kale. Ukubwa wake juu ya wengine ulipigwa muhuri na ofisi ya kikoloni. Baada ya Mumia alikuja mwanawe Shitawa, na mwaka wa 1974 akaketi Peter Mumia II. Kiti cha Wanga kiliendelea kurithiwa; ule uchifu mkuu wa kikoloni haukurithiwa na mtu.

Nilisema kuna watu walipoteza ardhi. Ni Wamaasai.

Kila aliyepanda Mlima Kenya anajua majina ya vilele: Batian, Nelion, Lenana. Halford Mackinder ndiye aliyeviita hivyo mwaka wa 1899, kwa majina ya watu wa familia moja ya maoloiboni. Oloiboni ni kiongozi wa ibada, mwenye kubashiri, kubariki vita, kutoa dawa. Si mfalme. Mambo ya watu yaliamuliwa na wazee na wasemaji wa marika. Mbatian alikuwa oloiboni mkubwa, akafariki karibu mwaka wa 1890, na aliacha wana wawili wenye kudai nafasi yake: Sendeyo mkubwa, na Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana.

Hadithi inayosimuliwa ni hii. Mbatian, mzee na macho yamekwisha nguvu, alimwambia Sendeyo aje asubuhi apewe vifaa vya kazi. Lenana akasikia, akatangulia alfajiri, baba akampa akidhani ni mkubwa. Sendeyo alipokuja, vimekwisha kutolewa. Waliosoma Biblia wanamwona Yakobo na Esau hapo, na wapo wanaosema hadithi ilinyooshwa baadaye ifanane. Upande wa Sendeyo haukukubali. Wakatengana, Sendeyo akaelekea upande uliokuwa wa Wajerumani, na ndugu hao na wafuasi wao wakapigana mpaka mwaka wa 1902, Sendeyo aliposalimu amri.

Miaka hiyohiyo ng'ombe walikufa kwa sotoka, watu kwa ndui na njaa. Lenana alihitaji rafiki mwenye nguvu. Waingereza walihitaji mtu mmoja wa kuongea naye. Wakamtangaza chifu mkuu wa Wamaasai. Cheo hicho hakikuwepo. Ni kama leo serikali ya nje ifike, ikute maaskofu, maimamu, wazee wa mtaa na madiwani, imchukue askofu mmoja aliye katika ugomvi na nduguye na kusema: wewe ndiye rais wa hawa wote, tia sahihi hapa.

Na akatia. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, sehemu za Naivasha na Nakuru, na kuwaweka katika maeneo mawili, Laikipia kaskazini na jingine kusini. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo ni yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Walowezi waliitaka Laikipia.

Lenana alifariki mwezi wa Machi 1911. Maafisa wakatangaza kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa kuwahimiza watu wa Laikipia wahamie kusini. Tazama jinsi wosia wa mdomo, uliotolewa taarifa na wale wanaofaidika nao, ulivyogeuzwa silaha. Mwezi uliofuata, Aprili 1911, mkataba wa pili ulitiwa sahihi, na miongoni mwa waliowekwa mbele kuwa wakubwa wa Wamaasai ni Seggi, mwana wa Lenana, kijana mdogo. Yaani "ufalme" uliotungwa juzijuzi sasa ukawa na mrithi, na mrithi ana kalamu mkononi. Maelfu ya watu na mifugo yao wakasukumwa kusini.

Wamaasai hawakunyamaza. Walipeleka kesi mahakamani, wakiongozwa na Ole Njogo. Hoja yao moja ilikuwa rahisi sana: waliotia sahihi mwaka wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kufunga jamii nzima. Hoja nzuri. Mwezi wa Mei 1913 mahakama kuu, iliyokaa Mombasa, ikaitupa kesi, na rufaa ikashindwa Desemba mwaka huo. Sababu? Kwamba ile haikuwa mikataba ya kawaida ya ardhi ambayo mahakama inaweza kuichunguza. Ilikuwa mikataba kati ya dola na dola, Taji la Uingereza kwa upande mmoja na Wamaasai kwa upande wa pili, na kwa hiyo si kazi ya jaji.

Rudia kusoma hapo. Wakati wa kuchukua ardhi walikuwa raia wanaotawaliwa na mkuu wa wilaya. Wakati wa kudai haki wakawa taifa huru lenye mfalme wake, na mfalme ameshatia sahihi. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambao walisomea hapa Parklands miaka mingi, wanakutana na hiyo kesi mapema katika masomo yao, na sijaona anayeisoma bila kukunja uso.

Kwa hivyo swali la "nani mfalme" si la mapambo. Aliyevishwa ngozi leo anaweza kushikishwa kalamu kesho.

Swali ambalo huniijia sana kwenye ujumbe wa faragha: je, hakuna nchi iliyoweza kuwa na wafalme na siasa bila vita? Uganda imejaribu, na inafaa kuangaliwa kwa macho makavu. Baada ya uhuru Kabaka Mutesa II akawa pia rais wa nchi, mwaka wa 1963. Mtu mmoja, kofia mbili. Mwaka wa 1966 jeshi la serikali kuu likashambulia jumba lake la Mengo, akakimbilia London, akafia huko mwaka wa 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Zilirudishwa mwaka wa 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo Mutebi, mwanawe, akatawazwa Naggalabi.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 246, inaruhusu viongozi wa kimila lakini kwa masharti. Hawashiriki siasa za vyama. Hawana mamlaka ya serikali wala ya kutunga sheria. Na hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kumtii kiongozi huyo ama kuchangia gharama zake. Hilo la mwisho nalipenda sana. Mfalme yupo, na wewe una haki ya kuendelea na shughuli zako.

Haijamaliza matatizo. Ankole waliotaka kurudisha mfalme wao hawakukubaliwa na serikali, kwa sababu wenyeji wengi waliukumbuka ufalme huo kama wa tabaka moja. Busoga, ambako Kyabazinga hutoka katika nyumba kadhaa za watawala wa kurithi, Henry Wako Muloki alipofariki mwaka wa 2008, kambi mbili zikavutana, kila moja na mtu wake. Ilifika 2014 ndipo William Gabula akatawazwa. Miaka sita.

Kenya hatuna kifungu kama cha 246. Katiba ya 2010 inatambua utamaduni katika kifungu cha 11, na kifungu cha 159 kinazitaka mahakama kuhimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za watu. Wafalme na wasemaji wa jamii haiwataji. Ndiyo maana hakuna anayeweza kwenda kortini kusema ngozi ile ni bandia. Upande mmoja ni afadhali, sitaki serikali iwe na ofisi ya kusajili ngozi. Upande wa pili, nafasi imeachwa wazi, na nafasi ikiachwa wazi wanasiasa wanaijaza kwa hela ya nauli na chakula cha mchana cha wazee.

Na wanawake? Karibu kila mfumo niliotaja unatafuta mwana wa kiume. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu kinakataza ubaguzi wa kijinsia, lakini kwenye hizi sherehe za kutawazana hesabu wanawake waliopo mbele. Mara nyingi wapo jikoni na kwenye ngoma.

Mahali ambapo sheria yetu imejibu swali la kalamu ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na karibu hakuna anayeitaja kwenye mijadala. Chini yake, jamii inayosajili ardhi yake ina baraza la watu wazima WOTE, wanawake kwa wanaume. Baraza ndilo linachagua kamati ya usimamizi, ya watu saba mpaka 15. Na kuitoa ama kuiuza ardhi kunahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya wanajamii wazima waliosajiliwa. Si theluthi mbili ya wazee. Si msemaji. Si mwana wa aliyekuwa msemaji.

Kwa hiyo kama kuna mradi unakuja kwenu, wa barabara, umeme wa upepo, mgodi ama hifadhi, na mnaonyeshwa karatasi yenye sahihi ya mtu aliyetawazwa mwezi uliopita, ombeni mambo mawili: cheti cha usajili wa jamii, na kumbukumbu za mkutano zenye orodha ya waliohudhuria. Ni kifungu cha 15. Nimeambiwa na watu wa kaunti mbili tofauti kwamba waliomba hiyo orodha na mkutano ukaahirishwa siku hiyohiyo.